Mashine ikizima katikati ya maji: majibu ya fundi

Shikamoo fundi. Mashine yangu ya boti, ya nguvu farasi 40, inawaka vizuri pwani, nikifika mbali inapungua nguvu na kuzima. Nikisubiri kidogo, inawaka tena. Plagi nimebadilisha mara 2. (Kijana wa Kilindoni, Mafia)

Marahaba mwanangu. Plagi zinasingiziwa. Mashine inayowaka tena baada ya kusubiri mara nyingi inanyimwa mafuta. Inapoanza kukohoa, shika ule mpira wa kupampia ulio kwenye bomba la petroli, nao utakueleza.

Ukiukuta umebonyea kama chungwa lililokamuliwa, kwanza tazama skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi. Watu huikaza tangi likiwa njiani ili petroli isimwagike, kisha husahau kuilegeza. Petroli inatoka, hewa haiingii, tangi linajinyonga. Ukiilegeza ukasikia hewa ikivutwa ndani, umepona bila hata spana.

Mpira ukiwa mlaini na haujai hata uuminye mara 20, bomba linavuta hewa mahali: kaza klipu, kagua viungio. Ukiwa mgumu na mashine bado inakufa, shuku maji au uchafu ndani ya petroli. Fungua kikombe cha filta, mimina kilichomo kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, acha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona chini yakibingirika kama shanga. Petroli ya madumu ichujwe kabla haijaingia tangini, kila safari.

Fundi, boti ikizima nahodha wetu hukimbilia kuvua kifuniko cha mashine. Ndivyo inavyotakiwa? (Abiria, Mkoani)

Hapana, na hili naomba mlisome wote. Kwanza nanga, kisha mashine. Boti iliyozima haijasimama, inachukuliwa.

Nilikuwa baharia kabla ya kuwa fundi. Siku moja nje ya Tanga mashine ilitufia, nami nikaiinamia na spana ya plagi mkononi. Nilichosikia ni kimya cha abiria. Kuinua kichwa, naona povu la mwamba, karibu kiasi cha kulisikia likichemka. Nanga ilikuwa chini ya magunia ya nazi, na tulihamisha magunia 7 kabla ya kuigusa. Nanga ilishika wakati mwamba uko mbele ya macho yetu. Kosa lenyewe la mashine lilikuwa waya wa swichi ya kuzimia uliochomoka, kazi ya dakika 2. Tangu hapo sipandi boti ambayo nanga yake siioni.

Nanga ifunge omo, yaani mbele ya boti. Ukiifunga tezi, yaani nyuma, wimbi linakuingilia upande wa mashine, na hapo ndipo ubao ulipo chini zaidi. Kamba iliyo majini iwe mara 5 ya kina, upepo ukiongezeka mara 7.

Mlango wa Unguja, yaani bahari iliyo kati ya Unguja na bara, kina chake ni kifupi, kwa hiyo kwa kamba ya kutosha nanga inafika chini. Mlango wa Pemba ni mambo mengine: kina ni mamia ya mita, hakuna kamba ya boti ndogo inayofika. Huko funga ndoo imara au turubai kwenye kamba ndefu, litupe kutoka omo. Halitakusimamisha, lakini litapunguza mwendo na kuifanya boti ielekee wimbi badala ya kulala ubavu. Na ujue kwamba wakati wa kusi mkondo na upepo vyote vinakupeleka kaskazini, kwa hiyo anayekuja kukutafuta asiishie pale ulipozimia.

Maji yanayorushwa nyuma ya mashine yamekuwa machache. Niendelee tu mpaka nifike? (Mvuvi, Nyamisati)

Usiendelee, ndugu yangu. Zima sasa hivi. Inua mashine, tazama kama mfuko wa nailoni umeziba matundu ya kuvutia maji. Kama pako safi, chomeka kipande cha mshipi mnene wa kuvulia kwenye kitundu cha kurushia, maana tope la Rufiji huganda humo. Ukiwasha na bado ni matone au mvuke, impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza mashine, imekwisha. Mapezi yake ni mpira, na mchanga unayala. Wengi tunaibadilisha kila mwaka, ila wewe wa kwenye delta ikague kila miezi 6. Lakini usiifungue ukiwa unaelea: lazima ushushe kipande chote cha chini cha mashine, na kikikuponyoka kimekwenda.

Nikipata wa kunivuta, kamba nifunge wapi? (Msomaji, Lamu)

Kwenye pete ya omo. Kamba iwe ndefu, mashine uiinue, watu wasogee nyuma. Asikae mtu kwenye mstari wa kamba, ikikatika inarudi kama mjeledi. Mwombe anayekuvuta aende polepole.

Boti yetu ina redio ya VHF. Mashine ikifa niite Mayday? (Nahodha wa boti ya wageni, Nungwi)

Mayday ni ya maisha yaliyo hatarini: boti inazama, inaungua, au inasukumwa mwambani na nanga haishiki. Kama mmezima tu na nanga imeshika, chaneli 16 sema "Pan-pan", wito wa kuomba msaada maisha yakiwa bado hayajawa hatarini, mara 3, kisha jina la boti, mahali mlipo, idadi ya watu na tatizo. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji, na utume mahali ulipo mapema, chaji ikiwa bado ipo. Kama nanga haikushika, rudia kutaja mahali kila baada ya muda, kwa sababu pale ulipotaja mwanzo hupo tena.