Picha za ndege wa pwani: anza na maji, lenzi baadaye

Anayetaka kupiga picha ndege wa pwani kwa kawaida huanza kuulizia lenzi. Swali hilo lingoje kidogo. Mwenye lenzi ya milimita 600 akifika ufukweni maji yamekupwa, ataambulia vidoa juu ya tope, mbali huko, na joto likichezacheza katikati. Mwenye lenzi ya milimita 300 aliyekaa mahali pake saa moja na nusu kabla ya maji kujaa anaweza kupata ndege wa kujaza picha, bila kumkimbiza. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni jedwali la maji kujaa na kupwa, na hilo unaweza kulipata bure kwenye simu.

Vitwitwi, sululu, yangeyange na wenzao hula kwenye tope na mchanga ambao bahari imeuacha wazi. Maji yakipwa wanatawanyika eneo kubwa. Yakianza kujaa, mahali pa kula panafunikwa kidogo kidogo nao wanasogezwa, mpaka wanajibana kwenye fungu la mchanga, ukingo wa mikoko au kuta za mabwawa ya chumvi, wakisubiri bahari irudi nyuma. Mahali hapo pa kusubiria huwa ni palepale kila mara, na kupajua ndiyo nusu ya kazi. Hori ya Mida (hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) pale Watamu, mdomo wa mto Sabaki kaskazini mwa Malindi, mabwawa ya chumvi ya Gongoni na yale ya Bagamoyo ni mifano inayojulikana, lakini karibu kila hori yenye mikoko ina pake. Ukitaka kupagundua kwako, nenda mara moja na darubini bila kamera wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, uangalie makundi yanaruka kuelekea wapi saa ya mwisho kabla ya maji kujaa.

Nimesema bamvua kwa sababu siku za maji mafu, ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu, bahari haifuniki tope lote, na ndege hawana haja ya kusogea. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa kawaida huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Kwetu kuna bahati ambayo wapiga picha wa nchi nyingine wangeitamani: Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne. Maana yake ndege wamekusanyika jua likiwa limeanza kulala. Maji yanachelewa kila siku, kwa wastani dakika 50, hivyo siku mbili tatu baada ya kilele yanajaa karibu na macheo na machweo, nawe unaweza kuchagua asubuhi au jioni. Siku za maji mafu mambo yanageuka: yanajaa kwenye saa nne, mwanga umeshakuwa mkali, na hata hivyo ndege wako mbali. Siku hizo piga picha mikoko, kaa wa topeni na mdiria anayewinda juu ya tawi, au baki nyumbani usafishe vifaa. Kumbuka tu kwamba ndani kabisa ya hori maji huchelewa kuliko bahari ya wazi. Jedwali la bandari litakuongoza, ila tofauti ya hori yako uipime mwenyewe.

Asubuhi au jioni, basi? Ufukwe wetu mwingi unatazama mashariki. Asubuhi, ukiipa bahari uso, jua liko mbele yako na ndege wanageuka vivuli. Jioni jua liko mgongoni na kila unyoya unaonekana. Kwenye hori unaweza kuzunguka ukakaa upande wa mashariki na kulipa jua mgongo, kwa hiyo asubuhi nayo inafaa. Ila kwetu jua hupanda haraka. Mwanga laini unakwisha kwenye saa moja na nusu asubuhi, na baada ya saa tatu hewa iliyo juu ya mchanga mkavu inaanza kutetemeka. Mtetemo huo ndio unaowafanya watu wengi wadhani lenzi yao ni mbovu: picha ya ndege aliye mita 80 haina makali hata fokasi ikiwa sawa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoutibu. Sogea karibu, piga juu ya maji au tope bichi badala ya mchanga mkavu, au funga begi.

Kuhusu msimu, wageni kutoka kaskazini huanza kufika Agosti na kujaa kuanzia Septemba hadi Aprili, kwa hiyo kaskazi ndiyo msimu wenyewe. Ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, hutaga kwenye fukwe za Uarabuni na maeneo jirani, kisha huja kwetu kwa makundi. Machi na Aprili usizikose: kabla ya kuondoka, baadhi ya vitwitwi hubadilisha manyoya, kifua kikapata wekundu ambao Novemba hukuuona. Wakati wa kusi wanabaki hasa wachanga ambao bado hawajafikia umri wa kutaga, pamoja na wenyeji.

Sasa kukaa kwenyewe. Fika mapema, chagua mahali ambapo nyuma yako pana mikoko au magugu ili umbo lako lisichomoze dhidi ya anga, tandika turubai, kaa. Nguo ziwe za rangi ya udongo. Fulana nyeupe inaonekana kutoka ng'ambo ya hori. Kisha usisogee. Maji ndiyo yatakayowasogeza ndege, na ndege aliyejileta mwenyewe hutulia kuliko yule uliyemnyemelea. Ukilazimika kusogea, usimwendee moja kwa moja: pita upande, hatua chache, simama, subiri aanze kula tena. Ndege anasema mapema kwamba umezidi. Anaacha kula, ananyoosha shingo, anatembea kukupa mgongo. Kundi zima linaelekeza vichwa upande mmoja. Hapo rudi nyuma hatua kadhaa. Ukingoja hadi waruke umechelewa, na umewaunguzia mafuta ya mwilini ambayo Machi au Aprili wanayahitaji kwa safari ya maelfu ya kilomita. Wale wanaorusha kundi makusudi ili wapate picha ya mabawa, sioni tofauti yao na watoto wenye manati.

Juu ya mstari wa maji angalia unapokanyaga. Kuna kitwitwi mwenyeji, Anarhynchus marginatus (zamani Charadrius marginatus), anayetaga kwenye mchanga mtupu na kuyafukia mayai nusu kwa mchanga anapoondoka, hivyo hutayaona. Ukiona ndege mdogo anakukimbilia mbele huku akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, uko karibu na kiota. Toka kwa njia uliyoingilia, na usipige picha.

Kamera iweke chini, sentimita 20 hivi kutoka ardhini. Ukipiga umesimama, nyuma ya ndege panakuwa na tope tu. Ukilala, nyuma panakuwa mikoko ya mbali iliyofifia, na jicho la ndege linalingana na lenzi. Tripodi haishuki vizuri kiasi hicho na miguu yake inazama. Mfuko wa kitambaa kizito, kama wa suruali ya jinzi, uliojazwa kilo moja na nusu hadi mbili za mchele au maharage, unashika lenzi vizuri zaidi. Usijaze hadi ukakaza. Acha theluthi moja wazi ili lenzi ipate kuketi. Mchanga usitumie, unavuja na kuingia kwenye pete za lenzi. Mfuko ukilowa maji ya chumvi, umwage siku hiyohiyo, la sivyo kesho unanuka.

Mipangilio haina siri. Ndege aliyesimama, kasi ya shata 1/500 ya sekunde. Vitwitwi wanaokimbiakimbia, 1/1000. Anayeruka, 1/2000 na zaidi. Tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, uiache ijipange yenyewe na kikomo cha 3200. Fokasi iwe ya kufuatilia, nukta iwe jichoni. Penye taabu ni weupe. Kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa picha nzima, basi yangeyange mbele ya mikoko myeusi anaungua na kuwa karatasi tupu. Punguza mwangaza wa picha kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja nzima. Yuleyule juu ya chumvi nyeupe, kamera inadanganyika kinyume na kumtia kijivu, hapo unaongeza. Kwa ndege mla kaa, mwenye weupe na weusi pamoja, linda weupe: piga moja, tazama grafu ya mwanga, hakikisha haijagonga ukuta wa kulia, kisha hamia mpangilio wa mkono ili kivuli cha mikoko kisikubadilishie kitu. Piga kwa RAW, faili ghafi ya kamera, maana weusi unaweza kuuinua baadaye. Weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Usalama wako nao unafuata jedwali lilelile. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: katika saa sita, ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya kimo chote, na siku za bamvua kimo hicho kinapita mita tatu. Ndani ya hori, maji hutangulia kwenye vijito vilivyo nyuma yako, ukajikuta kisiwani na begi mgongoni. Kabla hujakaa, hakikisha njia yako ya kurudi haivuki kijito. Vaa raba za kufunga kamba, kwa sababu ndala zinabaki kwenye kinamasi na chaza waliong'ang'ania mawe wanakata kama wembe. Na ukikuta wavuvi au akina mama wa mwani, salimu kwanza na uombe ruhusa. Wao ndio wanaojua tope lipi linabeba mtu.

Nyumbani, usipanguse kioo kabla ya kupuliza mchanga kwa pampu ndogo ya mpira. Mwili wa kamera ufute kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kula skrubu. Begi ni la safari. Kulaza lenzi humo na joto letu ni kuotesha kuvu. Tumia boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu.

Kisha zipitie picha zako ukitazama miguu. Ndege wa Mida wamekuwa wakivishwa pete za utambulisho na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, na wengine hufika na pete za nchi za mbali. Picha hafifu ambayo pete inasomeka ina thamani kuliko nzuri isiyoonyesha miguu, hivyo ukiona rangi mguuni piga mfululizo hadi tope limtoke. Andika tarehe, mahali, na mpangilio wa rangi kutoka juu kwenda chini kwa kila mguu. Mguu wa kushoto ni wa kushoto wa ndege mwenyewe, kwa hiyo kama alikuwa amekutazama uso kwa uso, kwenye picha yako uko kulia.