Maswali ya Wasomaji: Kufundisha na Kutisha

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Umoja. Nafundisha Kiswahili shule ya upili, na wikendi napiga filamu za kutisha kwa simu. Mzee wangu anasema nichague moja. Je, yupo mwongozaji aliyefanya yote mawili? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Yupo, ndugu yangu. Harry Kümel wa Ubelgiji, mzaliwa wa Antwerp mwaka 1940, aliongoza filamu na pia akafundisha katika vyuo vya filamu, kwao na Uholanzi. Filamu yake Malpertuis, ambamo mwigizaji Orson Welles ni mzee anayekata roho kitandani, ilishindana kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1972.

Lakini ninayoipenda mno ni Les lèvres rouges (Midomo Myekundu) ya 1971, filamu yake ya wanyonya damu. Hoteli kubwa ya ufuoni, mjini Ostend, Ubelgiji, msimu wa baridi, wageni hakuna. Mwigizaji Delphine Seyrig, ndiye mnyonya damu, anaingia amejipamba, anatabasamu, anaongea kwa upole kabisa, na mwili unakusisimka. Hakuna jitu wala makucha. Onyesho likiisha, skrini haiwi nyeusi, inajaa wekundu. Hilo tu, na unajua damu iko njiani!

Kwa hiyo usiache chaki, wala simu usiiweke chini. Hoteli tupu huna, sawa. Ngazi za ploti yenu unazo. Ngoja stima zipotee, washa tochi moja, mpandishe mwigizaji polepole akitabasamu. Na maneno mpunguzie. Nyinyi walimu wa lugha mnapenda kuyajaza.