"Kudos" na "hear, hear" kwa miniti za sacco

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni katibu wa sacco huku Jinja na miniti zetu tunaandika Kiingereza. Juzi nikamsifu mweka hazina hivi: "Many kudos were given and members shouted here, here!" Mwenyekiti akazungushia wino mwekundu mara mbili bila kusema kosa ni nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada, mwenyekiti yuko sawa, ila angekuambia basi, wino mwekundu peke yake haufundishi mtu.

"Kudos" inadanganya wengi kwa hiyo s ya mwisho, unadhani ni wingi kumbe ni neno la Kigiriki, kydos, maana yake utukufu ama sifa, na s imezaliwa nayo kama ile ya "chaos". Kwa hiyo haihesabiki, hakuna "many kudos were", andika tu "Kudos to our treasurer" na ikikusumbua weka "praise" usonge mbele. Wamarekani wengine siku hizi wanaandika hata "kudo", wewe usijitafutie maneno na mwenyekiti.

Hiyo ya pili umeandika vile sikio lilivyosikia. Ni "hear", ya kusikia: zamani bungeni Uingereza, tangu karne ya 17, walikuwa wanasema "hear him, hear him", yaani msikilizeni huyu, baadaye ikafupishwa. Yako wewe inasema wanachama walipiga kelele "hapa, hapa!" kama abiria anayemwonyesha bodaboda pa kusimama.

Na ukitaka kusifu kwa "compliment", ya i ndiyo sifa, ya e ("complement") ni kukamilishana, hiyo ikiponyoka kumbuka i ya "I like it".

Sasa hukuniuliza lakini nakuambia, chunga "well done". Sisi huku Uganda tunamwambia hata mtu tuliyemkuta anafagia, hajamaliza, kwa sababu tumeitoa kwenye "gyebale ko" ya Luganda, ni salamu tu kama pole na kazi. Mimi niliwahi kufungua barua ya mzungu mmoja na "Well done, sir", akajibu kwa heshima zote akiuliza amefanya nini, kwa sababu kwao hiyo ni ya aliyemaliza jambo na akalimaliza vizuri. Kwa wageni andika "Thank you for your work". Mweka hazina wako kama amefunga hesabu za mwaka, hapo sawa, mpe.

Sentensi yako iwe hivi: "The treasurer was praised, and members called out, 'Hear, hear!'" na hiyo koma ya katikati ya "Hear, hear" usiile.