Swali Ambalo Asiyeelewa Hawezi Kulikwepa

Mwalimu mmoja ameniandikia wiki hii akilalamika kwamba wanafunzi wake huitikia "Ndiyo, mwalimu" kila anapowauliza kama wameelewa, kisha mtihani ukija wanaanguka karibu darasa zima. Nimemjibu, lakini jambo lenyewe limenigusa kiasi kwamba nimeona niliandike kwa wote wanaotamani somo limwingie mwanafunzi barabara.

"Mmeelewa?" haipimi chochote. Aliyeelewa atasema ndiyo. Asiyeelewa naye atasema ndiyo, ama kwa aibu, ama kwa kuwa anaamini kwa dhati kwamba ameelewa, na huyu wa mwisho ndiye anayehitaji msaada kuliko wote. Swali la kupima uelewa ni lile ambalo mwenye dhana potofu, akilijibu kwa kufuata fikra zake mwenyewe, atatoa jibu tofauti na la aliyeelewa.

Nilipokuwa nikifundisha desimali, mwenzangu aliwauliza wanafunzi wake ipi ni kubwa kati ya 0.35 na 0.62, na wote wakapata. Mimi niliuliza 0.35 na 0.8. Wengi walichagua 0.35, na binti mmoja akaeleza bila kusita kwamba 35 ni zaidi ya 8. Binti huyo angelipata swali la mwenzangu, maana 62 ni zaidi ya 35, na kosa lake lingeendelea kujificha. Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba desimali yenye tarakimu chache ndiyo kubwa daima, kwa kuwa sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Hao hulipata swali la 0.8 kwa sababu isiyo sahihi, na kwa ajili yao niliongeza 0.4 na 0.73. Maswali hayo mawili, yakiulizwa pamoja, huwatenganisha wanafunzi wa aina zote tatu. Niliyatunga nikiwa na madaftari yao mbele yangu, na ninajivunia kazi ile hadi leo.

Mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa langu kipindi fulani hakuyaona hayo. Aliona kwamba baada ya kuuliza nilikaa kimya, akaandika kwamba darasa limepoa. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu kimya kile kilikuwa sehemu ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Msiogope kimya, walimu wenzangu, wala msimpe nafasi yule yule anayenyoosha mkono kila siku akawaficha wengine. Kila mmoja aandike jibu lake kwanza, ndipo mzungumze.

Na jibu likiwa sahihi, ulizeni vilevile, "Umejuaje?" Anayeulizwa hivyo pale tu anapokosea hujifunza haraka kwamba swali hilo maana yake ni "badilisha jibu", naye hulibadilisha hata lile lililokuwa sahihi.

Kwa mwalimu aliyeniandikia: kabla ya kipindi kijacho andika maswali mawili, na chini ya kila moja andika jibu potofu unalolitarajia pamoja na fikra inayolizaa. Swali lisilokuwa na jibu la namna hiyo, lifute utunge jingine.