Taa ya nyuma saa sita mchana: majibu kwa wenye kinga wa Lubumbashi

Juma lililopita niliandika hapa kwamba taa ya nyuma ya kinga, yaani baiskeli, iwashwe hata mchana. Maswali yamekuja mengi; haya ndiyo yaliyorudiwa zaidi.

Papa, kwa jua hili letu taa ya mchana ni ya nini? Dereva si ana macho? (Kijana wa Katuba)

Macho anayo, mwanangu, lakini hayako kwako. Yako kwenye shimo, kwenye teksi iliyosimama ghafla, kwenye simu. Fanya hesabu. Kwenye barabara ya Kasumbalesa kamyo (lori) inakuja kwa kilomita 80 kwa saa, wewe unakanyaga kwa 15. Kila sekunde inakukaribia mita 18. Dereva akikutambua ukiwa mita 100 mbele yake, ana sekunde tano na nusu za kuamua, na huenda kuna kamyo nyingine inayomjia. Akikutambua kwa mita 400, ana sekunde 22: anapunguza mwendo taratibu, anakupisha. Hapo sijataja vumbi jekundu la kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa, wala jua la jioni linapompiga usoni anayeelekea magharibi. Saa ile mtu juu ya kinga ni kivuli tu.

Huko Denmark walilipima jambo hili mjini Odense kwa mwaka mzima, kwa waendesha baiskeli 3,845. Wengine walifungiwa taa zinazowaka muda wote, wengine hawakufungiwa. Matokeo yalichapishwa 2013: wenye taa walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19.

Sanduku moja limeandikwa lumeni 50, jingine 1000, na bei karibu sawa. Nichukue lipi? (Kampemba)

Usinunue maandishi ya sanduku. Lumeni ni hesabu ya mwanga wote unaotoka, uende kwa dereva au uende kwenye miti. Usiku lumeni 10 au 20 zinatosha nyuma. Mchana tafuta karibu na 100, lakini taa ya 60 yenye lenzi nzuri inayokusanya mwanga huishinda ya 150 inayoumwaga kila upande.

Muombe muuzaji kitu kimoja. Saa sita, jua likiwa kichwani, rafiki yako aishike taa kwa urefu wa kiti, wewe rudi nyuma hatua 200. Inakuvuta jicho? Sasa sogea hatua kumi kushoto, kisha kumi kulia. Ikipotea mara moja, iache, maana barabara zetu zina kona na mashimo, na taa haitamwelekea dereva sawasawa kila wakati. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.

Iwake tu au ipepese? (Ruashi)

Mchana ipepese, na ikiwezekana kwa mpigo usio sawa: mfupi, mfupi, mrefu. Jicho huzoea haraka kitu kinachojirudia. Usiku iwake bila kupepesa, na kwa nguvu ndogo, ili anayekufuata asipofuke na aweze kupima umbali wako. Nchi zenyewe hazikubaliani: Ujerumani sheria inakataza taa ya nyuma inayopepesa, Uingereza iliiruhusu 2005.

Yaya, mimi natoa makala (makaa ya kupikia) upande wa Kipushi. Magunia yanafunika kiti chote. Taa nitaifunga wapi?

Asante kwa swali hili. Kwenye barabara zile ninyi ndio mnaohitaji taa kuliko mtu yeyote, na taa karibu zote zimetengenezwa kwa mtu asiyebeba kitu. Ukiifunga kwenye bomba la kiti, umelimulikia gunia. Ifunge nyuma kabisa ya mzigo, upande wa kushoto, kwa kuwa magari yanakupita kushoto kwako. Chukua kijiti kigumu, kichomeke chini ya kamba za gunia la mwisho, kisha uifunge taa kwa kipande cha mpira wa ndani uliotoboka. Ielekee nyuma moja kwa moja, isiangalie mbingu wala lami. Iangalie upya kila mnapopumzika, maana mzigo hulegea na taa huinama. Na uifute, vumbi la makala huila nusu ya mwanga.

Mkitoka watu watano na taa ni moja, akae nayo wa mwisho. Hata mnaposukuma kwenye kilima, iendelee kuwaka.

Umeme unakatika kila mara. Ninunue ya betri za kutupa? (Komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Hapana. Nunua ya kuchaji inayotumia waya uleule wa simu yako, kisha ichaji pamoja na simu umeme ukirudi. Ikipepesa hula betri kidogo, hivyo chaji moja inaweza kukufikisha siku kadhaa. Kwa mvua zetu tafuta alama ya IPX4 (taa inastahimili kurushiwa maji) au zaidi. IPX7 hustahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Kifuniko cha tundu la waya kikipotea, alama hiyo haina maana tena.

Sina pesa ya taa mwezi huu. (Mama mmoja, Kamalondo)

Mama, tafuta kitambaa cha rangi ya machungwa inayong'aa, kama cha fulana za wajenzi wa barabara, ukifunge nyuma ya mzigo. Mchana kinachoonekana ni rangi ile. Mistari ya rangi ya fedha ya fulana hizo huamka usiku tu, ikipigwa na taa za gari.