Galaksi za vumbi ndani ya kompyuta

SWALI: Mwalimu, hapa Himbi moshi wa volkano ya Nyiragongo ukitanda hatuoni nyota. Nasikia wataalamu wanatengeneza galaksi zenye vumbi kwa kompyuta. Nani anahakikisha si za kubuni tu? (Mama wa Himbi, Goma)

JIBU: Mama, umegusa penyewe. Vumbi hilo hunyonya mwanga wa nyota changa, likapata joto kidogo tu, kama nyuzi 240 chini ya sifuri, kisha likatoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Darubini ya James Clerk Maxwell, Hawaii, ilianza kuzinasa galaksi hizo 1997. Leo ALMA, antena 66 kule Chile, inazipima moja moja.

Programu hupewa gesi na mvutano, ikakokotoa mwanga utakaotufikia. Picha yake hufifishwa makusudi ilingane na uwezo wa darubini, ndipo wanahesabu: zenye mng'ao huu ni ngapi kwenye kompyuta, ngapi angani? Miaka mingi kompyuta ilitoa chache mno. Wengine wakaongeza idadi ya nyota kubwa zinazozaliwa. Kwangu huko ni kulazimisha jibu. Naipenda zaidi programu iitwayo SIMBA, ya 2019: inafuatilia vumbi lenyewe likizaliwa, likikua, likiharibika, na hesabu yake inakaribia ya angani.