Maziwa ya Antaktika hayagandi yote mpaka chini
Umesema maziwa ya Antaktika, lile bara la barafu kusini kabisa mwa dunia, huganda yote mpaka sakafuni. Hapana, ndugu, si kweli. Barafu huelea: chungulia pipa la sangara pale mwalo wa Kirumba, Mwanza: mabonge yako juu, maji chini. Ziwa Vanda la huko Antaktika lina barafu ya mita 3 hadi 4 mwaka mzima, lakini maji ya chini kabisa yana nyuzijoto kama 25 za Selsiasi, karibu sawa na Ziwa Victoria letu! Sababu ni chumvi. Maji yale ni mazito, hayapandi, basi joto la jua linalopenya barafu hubaki humo. Samaki hakuna, kuna utando wa bakteria na mwani. Ila vidimbwi vyenye kina kifupi, vile huganda hadi kwenye tope.